Kansa kwenye ukoo: utajuaje kama uende kwa ushauri wa jeni

Jamani kabla hujauliza vipimo vya jeni, yaani vinasaba unavyorithi kwa wazazi, ni bei gani, chukua karatasi uandike ukoo wako, upande wa mama na upande wa baba pia, maana watu wanadhani kansa ya matiti inapita kwa mama tu kumbe shangazi aliyeugua ana uzito ule ule wa mama mdogo. Kila mgonjwa andika ilianzia wapi mwilini na alikuwa na miaka mingapi ilipoonekana. Usiridhike na "kansa ya tumbo", hilo tumbo lina ovari, utumbo, ini, sasa ipi? Muulize aliyemuuguza, mara nyingi ripoti ya bayopsi, ile ya kipande cha nyama kilichokatwa kikapimwa, bado iko kwenye bahasha kabatini.

Umri ndio kitu kikubwa. Bibi aliyepata ya titi na miaka 78, peke yake, haitishi sana. Lakini ndugu wawili wa damu walioipata kabla ya 50, au mtu mmoja mwenye ya titi na ya ovari, au mwanaume mwenye ya titi, au ya utumbo mpana chini ya 50, hapo nenda kwa ushauri wa jeni, ukae na mtaalamu muangalie ukoo wako na kipimo. Ile ya mlango wa kizazi, inayosumbua sana wanawake wa Uganda, inaletwa na kirusi cha HPV, kwa hiyo hata wakiugua watatu nyumba moja si ya kupimwa jeni, wewe nenda kachunguzwe mlango wa kizazi, na binti wa miaka 10 apate chanjo. Kwa ujumla kansa za kurithi ni kama 5 mpaka 10 tu kwa kila 100.

Alafu anayepimwa kwanza ni mgonjwa mwenyewe, akiwa bado hai. Jeni mbovu ikionekana kwake, nyinyi wengine mnapimwa hiyo hiyo tu na jibu linaeleweka, ila ukipimwa peke yako ikakosekana hujui kama umenusurika au tatizo la ukoo liko kwenye jeni nyingine. Mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu. Ikiwa ni BRCA1, moja ya jeni za kansa ya titi na ovari, wanawake wenye nayo kama 70 kati ya 100 hupata kansa ya titi kabla ya kufika miaka 80.

Pa kuanzia ni Uganda Cancer Institute pale Mulago, nenda na ile karatasi, uliza damu inapelekwa wapi na nani atakaa na wewe kusoma majibu. Wengine wanaficha wakiogopa wakwe watasikia kabla ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, sawa, majibu ni yako, lakini ndugu zako wa damu waambie, na kaka zako pia, jeni mwenzake BRCA2 ikiwa mbovu inawaongezea hatari ya kansa ya tezi dume.