Somo: Jinsi ya kumtoa daktari wodini na mkemia maabara wafanye utafiti mmoja

Wengi huanza na semina. Ukumbi, chai, vitumbua, kila mtu anaonyesha slaidi zake, mnapeana namba, basi. Nimeandaa mbili za namna hiyo, ya tatu siandai. Siku hizi naenda hivi. Mfano wangu ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka kama mahindi.

1. Tafuta tatizo kwanza, watu baadaye. Liwe linaloshinda fani moja. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, 125 wakafa. Daktari anaona ini lililoharibika. Bwana shamba anaona mahindi yaliyopigwa na ukame, kisha yakaingizwa ghalani hayajakauka. Mkemia anaona kipimo tu.

2. Alika wanne, wasizidi sita, mkutane penye tatizo lenyewe. Sisi tulikutana ghalani. Daktari wetu akachota kiganja cha mahindi juu ya gunia: "Sampuli hii hapa." Mkemia akacheka, akachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, akachoma juu, kati na chini, magunia kumi na mawili, yote akayachanganya kwenye ndoo. Sumukuvu haikai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Daktari akanyamaza, halafu akauliza: "Sasa mgonjwa akiniletea kibakuli cha unga wa nyumbani, kinaniambia nini?" Swali la utafiti wetu ndilo hilo.

3. Elewaneni maneno. Baada ya pale ghalani, wiki nzima daktari alisema "sampuli" akimaanisha damu, sisi tukielewa mahindi.

4. Fanyeni kikazi cha wiki sita kabla ya kuomba ruzuku. Asiyeleta sehemu yake hapo, mwacheni mapema.

5. Andikeni jina la nani litatangulia kwenye makala na data zitakaa kwa nani. Zungumzeni wakati bado mnapendana. Damu ya watu inahitaji kibali cha maadili. Tanzania Bara kinatolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Anzeni nacho, kinakula muda.

MASWALI

– Mwalimu, mimi ni mtakwimu. Huitwa data zikishakusanywa. Nifanyeje?

Nenda nao ghalani. Magunia mangapi yachomwe ni swali lako. Sisi tuliishia kumi na mawili kwa sababu ndoo ilijaa.

– Msimamizi wangu anasema kuchanganya fani kutanichelewesha kumaliza uzamivu.

Hajakosea sana. Chukua kipande kinachoweza kusimama chenyewe kama sura ya tasnifu yako, vingine waachie walioajiriwa.

– Na wakulima? Au wao ni wa kuchukuliwa sampuli tu?

Umenishika pabaya. Mama mwenye ghala ndiye aliyetuambia magunia yanayogusa ukuta huota ukungu kwanza. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kuuliza. Tuliyasogeza, tukayapima peke yake, na matokeo hayo yakapewa jedwali zima kwenye makala. Jina lake halimo, na hilo bado linaniuma.