Kichwa kilianza saa ngapi? Mambo ya kuzingatia kabla mshipa wa kichwani haujapasuka

Kuna kichwa kinachoanza kuuma taratibu, na kuna kile kinachompiga mtu kama radi, dakika haijaisha kimefika mwisho wa ukali. Hicho cha pili, hasa kikifuatana na kutapika, shingo kukakamaa au kuzimia, huenda ni mshipa wa ubongo uliotuna kama puto, sasa umepasuka na unavuja. Wenye ndugu wawili wa damu waliopatwa na hili, na wavuta sigara wenye presha, wajipange mapema.

Kwanza saa. Andikeni kichwa kilianza lini, na iandikwe "saa mbili usiku", si "saa mbili" tu, kwa sababu daktari atachagua vipimo kwa kufuata hesabu hiyo. CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, ikipigwa ndani ya muda wa saa 6 tangu kichwa kianze, ni nadra kuikosa damu. Siku zikipita damu hufifia pichani, mgonjwa akarudishwa nyumbani kuwa hana kitu. Picha ikiwa safi lakini shaka ipo, huchukuliwa maji ya uti wa mgongo, na hayo husubiri mpaka zitimie saa 12 tangu kichwa kianze ndipo umanjano wa damu iliyovunjika uonekane. Sasa "alianza juzijuzi hivi" itamsaidia nani?

Ulizia leo, ukiwa mzima, ni hospitali gani ya karibu ina CT scan inayofanya kazi usiku. Hilo neno "inayofanya kazi" usilipite haraka. Mabingwa wa upasuaji wa ubongo ni wachache. Kwa Tanzania wengi wako MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, hivyo usafiri na bima vijulikane mapema. Mshipa hubanwa kwa klipu baada ya kufungua fuvu, au puto hujazwa koili (vinyaya laini vilivyojiviringa) kwa mrija unaopitishwa pajani. Haraka ni ya lazima: hatari ya kupasuka tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo.

Nyumbani msimpe aspirini, diklofenaki wala chai. Bebeni dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda.

Kinachosahauliwa ni siku za baadaye. Nimodipini, dawa ya kulinda ubongo usikose damu, hutolewa kila baada ya saa 4 kwa siku 21, hata usiku wa manane, maana kati ya siku ya 4 na ya 14 mishipa huweza kujibana na ubongo ukakosa damu. Pangeni zamu. Aliyekuwa akiongea vizuri akianza kubabaika siku ya 7, anayemuuguza asiseme amechoka tu. Amwite nesi papo hapo.