Kupanga nyaraka za profesa wa sayansi ya siasa

Usianze kuchambua. Kwanza piga picha majalada yalivyokaa, maana mpangilio wa mwenyewe nao ni ushahidi. Kisha tenga barua, mihadhara, miswada ya maandishi yake na kumbukumbu za kamati. Kwa profesa aliyehama vyuo, kama Ali Mazrui aliyefundisha Makerere, Michigan na Binghamton, panga barua kwa kituo, halafu kwa mwaka.

Ng'oa pini zenye kutu na mipira ya kufungia karatasi. Mipira ikiyeyuka hugandisha karatasi. Majalada yaandikwe kwa penseli. Faksi za zamani hufifia, zitolee nakala mapema.

Alama za wanafunzi na barua za kuwapendekeza watu zifungiwe kando. Boksi lisishindiliwe, wala lisibaki nusu tupu: karatasi hupinda. Liinue juu ya sakafu, mchwa hawabishi hodi.