Kabla hujashika njia ya Sweetwater

Kila joto likianza napigiwa simu na mtu aliyehamia Atlanta karibuni: "Jumamosi tuwapeleke wapi watoto, pasiwe ghali?" Namjibu Sweetwater Creek, hifadhi ya msitu iliyo Lithia Springs, magharibi ya mji. Halafu simwachii simu mpaka nimpe masharti.

Maji, chupa moja kwa kila kichwa, na mtoto naye ana kichwa. Choo, malizeni kabla hamjaacha maegesho. Maegesho yenyewe yanalipiwa kwa siku. Nendeni asubuhi. Ndala zibaki nyumbani.

Hilo la ndala watu hulipuuza, kwa kuwa nusu maili ya mwanzo inadanganya. Njia yenye alama nyekundu inaanza pana, mto uko pembeni, unatembea kama uko sokoni. Inakufikisha kwenye gofu la kiwanda cha nguo cha New Manchester, kilichoanza kazi mwaka 1849: orofa tano za matofali, refu kuliko jengo lolote la Atlanta ya wakati ule, mashine zote zikiendeshwa na gurudumu la maji. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kilifumia jeshi la Kusini. Julai 1864 askari wa Sherman, jenerali wa Kaskazini, wakakitia moto, na wafanyakazi, wengi wao wanawake na watoto, wakapakiwa kwenye treni hadi Louisville, Kentucky. Wasimulieni watoto mkiwa nje ya uzio. Ndani hakuingiwi bila mwongozaji wa hifadhi, na ukuta wa umri huo hauna subira na mtu wa picha.

Baada ya gofu ndipo ndala zinapoumbuka. Njia inakuwa miamba na mizizi, pengine unashuka kwa makalio. Maporomoko yako nusu maili mbele. Aliyezoea maporomoko ya Materuni kule Kilimanjaro atauliza yako wapi, maana hapa maji hayaanguki kutoka juu, yanabingirika juu ya mawe. Kuogelea marufuku.

Sasa majani. Hapa nyamazeni mnisikilize.

Mara yangu ya kwanza, mpwa wangu alikanyaga tope karibu na gofu. Nikafanya kama nyumbani: nikachuma konzi ya majani kichakani, nikamfuta raba, nikafuta na zangu. Jua kali, nikajipangusa jasho la shingo kwa mkono uleule. Siku ile hakuna kitu. Kesho yake jioni shingo ikaanza kuwasha, na keshokutwa mkono ulikuwa na mistari ya malengelenge kama nimechapwa fimbo. Nikasingizia kunguni. Nikafua mashuka, nikapindua godoro, nikamtilia shaka hata mgeni aliyelala kwetu wiki iliyopita, Mungu anisamehe.

Mama yuko Newala. Nilipomwonyesha mkono kwenye simu ya video hakuuliza mara mbili: "Korosho mbichi umezipata wapi huko?" Maana ndivyo mafuta ya ganda la korosho yanavyomfanya anayebangua bila kujipaka majivu. Nikacheka. Kumbe alikuwa amekaribia kuliko mimi. Mmea ule Wamarekani wanauita poison ivy, nao ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Mafuta yake ni ndugu wa yale ya ganda.

Haikuishia hapo. Nikapona, wiki tatu zikapita, nikavaa raba zilezile, nikafunga kamba. Vidole vikaumuka upya. Mafuta yale hayakauki yakaisha, yanakaa kwenye kiatu, kwenye fimbo, kwenye begi, yakikusubiri.

Kwa hiyo, jifunzeni kuutambua. Vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, cha katikati kikonyo chake kirefu kuliko cha wenzake. Hutambaa chini au hupanda mti kwa kamba yenye manyoya kama mguu wa buibui. Kipukutizi, kabla ya baridi, mmea hugeuka wekundu wa kupendeza, watoto wakautamani. Baridi majani huanguka, na kamba tupu bado inaunguza. Ukiugusa, sabuni na maji ya baridi upesi, na chini ya kucha. Nguo zifuliwe peke yake, viatu visuguliwe pamoja na kamba. Msiuchome moto, moshi wake unaingia mapafuni. Uso ukivimba, hospitali, si mafuta ya nazi. Na cha kufutia tope bebeni kutoka nyumbani. Kanga kuukuu inatosha.

Mengine ni madogo. Suruali ndefu, miguu yake ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe, na jioni mkaguane nyuma ya masikio na kwapani. Nyoka aina ya copperhead wana rangi ya majani makavu, basi usitie mkono nyuma ya gogo usiloliona upande wa pili. Mvua ikinyesha usiku kucha, ahirisheni, mto huu ulifurika vibaya Septemba 2009 na hata siku za kawaida mawe yake yanateleza kama sabuni. Simu iwe na chaji. Mtoto asitangulie. Geuzeni mapema kabla giza halijaingia. Na mbwa wa jirani msimchukue: anapita vichakani, manyoya yanabeba mafuta yaleyale, jioni anapanda kochini.