Kuzunguka visiwa vya Ugiriki kwa meli: Naxos, Delos na Santorini, hatua kwa hatua

Watu wakisikia Ugiriki wanauliza nauli ya ndege kwanza. Nauli utaipata, shida ni upepo. Mi nimezunguka vile visiwa mara nne, mbili za mwisho nikiwa na washkaji wananifuata nyuma kama vifaranga, na kila nilipoharibikiwa ni kwa sababu nilipanga safari kwa kuangalia picha badala ya kuangalia meli inapita wapi. Sasa hivi nafanya hivi, kwa siku kama 10.

Hatua ya 1: punguza visiwa

Mtu ananiletea listi ya visiwa saba kwa siku tisa, namwambia kata, baki na vitatu. Kuhama kisiwa kimoja kwenda kingine kunakula nusu siku hata kama kwenye ramani vinaonekana viko jirani, unatoa begi, unasubiri bandarini, meli imechelewa, unafika unatafuta chumba, siku imeisha. Halafu lazima viwe kwenye njia moja ya meli. Corfu iko magharibi huko, Rhodes iko karibu na Uturuki, huwezi kuvichanganya. Mi nabaki kwenye visiwa vya Cyclades, kusini mashariki ya Athens, kwa sababu kuna meli inatoka Piraeus, bandari ya Athens, inapita Naxos halafu inaendelea mpaka Santorini, yani ni kama daladala, unashuka kituo chako na siku nyingine unadandia inayofuata.

Hatua ya 2: mwezi na viza

Nenda Mei, au mwisho wa Septemba. Julai na Agosti kuna upepo wanauita meltemi, unatoka kaskazini kama kaskazi yetu ila wenyewe unavuma kiangazi, na kinachochanganya ni kwamba anga ni bluu kabisa, hakuna hata wingu, unaenda bandarini unaambiwa meli zimezuiwa kutoka. Safari yangu ya kwanza nilikwama Naxos siku mbili, ndege yangu ikaondoka Athens bila mimi, tiketi mpya nikanunua kwa hela yangu. Tangu hapo usiku wa mwisho lazima nilale Athens, kisiwani silali hata unilipe.

Viza ni Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho wake ni siku 15 kabla, bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, pasipoti ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko. Usisubiri dakika za mwisho, tafuta miadi mapema.

Hatua ya 3: Piraeus

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens panda metro ya bluu, tangu 2022 inakwenda moja kwa moja mpaka bandari ya Piraeus. Bandari yenyewe ni kubwa sana, mageti yana namba zinaanza na E, ukikosea geti utaburuza begi juani mpaka uchoke, kwa hiyo hakiki geti kabla hujashuka kwenye metro na ufike saa nzima kabla.

Meli ziko aina mbili. Kubwa ya polepole, kama saa tano na kitu mpaka Naxos, na boti za mwendokasi. Chukua ya polepole. Ni nafuu, unakaa nje dekini unaona visiwa vinapita, na bahari ikichafuka inahimili zaidi. Ya mwendokasi unafungiwa ndani, na kama umewahi kuvuka kwenda Unguja wakati wa kusi unajua vile vimfuko wanavyogawa ni vya nini.

Unaingilia nyuma, kwenye magari, pale kuna rafu za mizigo zimeandikwa majina ya visiwa, weka begi kwenye rafu ya kisiwa CHAKO sio kwenye nafasi unayoiona. Na wakitangaza kisiwa chako shuka chini hapo hapo, usisubiri meli ifunge gati, maana mlango unafunguliwa dakika chache tu. Kuna mwenzetu alikuwa kwenye foleni ya kahawa, sisi tuko nchi kavu tunahesabu watu, tukamuona juu anatupungia mkono anakwenda Santorini. Begi lake tulikuwa nalo sisi.

Hatua ya 4: Naxos, siku tatu au nne

Hapa ndio weka kambi. Ukishuka tu unaona mlango mkubwa wa marumaru umesimama peke yake kwenye kichwa cha bandari, unaitwa Portara, urefu kama mita 6. Ni mlango wa hekalu lililoanza kujengwa kama mwaka 530 K.K. chini ya mtawala anaitwa Lygdamis, akapinduliwa, hekalu halikuisha mpaka leo. Nenda jua likizama, hakuna kiingilio.

Siku ya pili panda milimani. Kule Apollonas, kaskazini ya kisiwa, kuna sanamu la zaidi ya mita 10 limelala chali pale pale lilipochongwa, halijamalizwa, unaona kabisa ndevu na miguu bado imo ndani ya mwamba. Hakuna kioo cha kukuzuia. Mabasi ya huko ni machache, ukikodi gari au skuta beba leseni ya kimataifa. Njiani simama kijiji cha Halki ule, viazi vya Naxos vina jina Ugiriki nzima, wanakaanga wanamwagia jibini juu, mtu wa chipsi mayai atanielewa.

Hatua ya 5: Delos, na uifanye mapema

Wengi wanalala Mykonos ili waende Delos. Mykonos ni ghali mno, na msimu ukiwa umefunguka kuna boti za kitalii zinatoka Naxos asubuhi zinapita Delos na Mykonos, jioni umerudi. Buku siku zako za mwanzo kisiwani, maana upepo ukianza boti hizi ndio za kwanza kusitishwa, ikisitishwa bado una kesho.

Delos hakuna hoteli, kulala ni marufuku. Wagiriki wa kale waliamini mungu wao Apollo alizaliwa hapa, na mwaka 426 K.K. watu wa Athens walifukua makaburi yote wakahamishia kisiwa cha jirani wakatoa amri hakuna ruhusa ya kuzaliwa wala kufa pale. Mjamzito na mgonjwa walivushwa ng'ambo. Wale simba wa marumaru wanaopigwa picha ni nakala, wenyewe wako ndani ya makumbusho.

Ila mi huwa nakaa zaidi upande wa bandari. Mwaka 166 K.K. Warumi waliifanya Delos bandari isiyotoza ushuru, ikageuka soko kubwa la watumwa, Strabo, mwandishi wa zamani hizo, aliandika kwamba iliweza kupokea na kusafirisha maelfu kwa maelfu kwa siku moja. Nyumba za matajiri zenye sakafu za vijiwe vya rangi ziko pale pale juu. Ukiwa umewahi kusimama Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, hutahitaji mtu akueleze chochote, unakaa tu kimya.

Maji lita mbili, kofia. Hakuna kivuli kabisa.

Hatua ya 6: Santorini, siku mbili zinatosha

Kila mtu anakimbilia kijiji cha Oia kupiga picha za machweo, nenda ukitaka, utabanwa kama stendi ya mabasi siku ya sikukuu. Mi nawapeleka Akrotiri saa sita mchana, makusudi, kwa sababu magofu yote yako chini ya paa na wewe unatembea kivulini. Ni mji uliofunikwa na majivu ya volkano miaka kama 3,600 iliyopita, mwanaakiolojia Spyridon Marinatos akaanza kuufukua 1967. Nyumba za ghorofa, mifereji ya maji machafu chini ya barabara, mitungi bado imepangwa. Hawajakuta miili ya watu kama Pompeii, ule mji wa Italia uliofunikwa na volkano, inaonekana walitikiswa na matetemeko wakakimbia kabla.

Halafu panda basi kwenda Fira, kwenye makumbusho ya Thera ya kabla ya historia (Thera ni jina la zamani la Santorini), uone tumbili wa bluu waliochorwa ukutani na watu wa Akrotiri. Ugiriki hakuna tumbili! Basi jiulize hao jamaa walikuwa wanafika wapi na meli zao.

Hatua ya 7: kurudi

Ukiwa na siku tatu za ziada, vuka boti mpaka Heraklion, Krete, uone Knossos, magofu ya jumba la kale (ile saruji nyekundu ni ya Arthur Evans, Mwingereza aliyeanza kuchimba 1900, usidhani ni ya kale), kisha panda meli ya usiku, unalala humo unaamka Piraeus. Huna siku, rudi moja kwa moja. Ile siku ya Athens uliyoiweka akiba, kama upepo haujaila, nenda makumbusho ya taifa ya akiolojia, usiishie chini, panda ghorofani, kuna chumba kizima kilichotolewa Akrotiri, kuta zake zina mbayuwayu wanaruka wawili wawili.