Kumfuatilia mgonjwa wa tiba shufaa kwa simu akiwa nyumbani

Mwongozo huu ni kwa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, walio mbali na hospitali. Kwetu Kigoma, mtu wa kijiji cha Kagunga hufika hospitali ya Maweni kwa boti, na mgonjwa wa saratani anayeumwa sana si wa kupandishwa boti kila dozi inapohitaji kurekebishwa. Simu inaweza kupunguza safari hizo, ila ipangwe vizuri.

Hatua ya 1: Mtafute kwanza mpokeaji. Kabla ya kupakua chochote, amueni nani atasoma majibu na saa ngapi. Fomu ikijazwa Ijumaa ikasomwa Jumatatu, bora isingekuwepo, maana familia imekaa siku zote hizo ikiamini kuna mtu anaangalia. Kama usiku hakuna wa kupokea, waambieni wazi na muwape njia nyingine.

Hatua ya 2: Chagua programu inayofanya kazi bila mtandao. Mimi napendelea KoboCollect. Ni ya bure, fomu unaitengeneza mwenyewe kwa Kiswahili, inajazwa popote na kutumwa mtandao ukipatikana. Kundi la WhatsApp si mahali pa picha ya kidonda cha mtu.

Hatua ya 3: Andaa maswali machache. Msingi mzuri ni kipimo cha POS cha Afrika, dodoso la kupima hali ya mgonjwa wa tiba shufaa: maswali 10, 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza, yakihusu siku 3 zilizopita, kila jibu likiwa 0 hadi 5. Angalia mtego wake: kwenye maumivu 5 ni hali mbaya kabisa, lakini kwenye utulivu wa moyo 5 ndiyo hali njema. Kwa hiyo usijumlishe alama zote kikasuku. Soma swali moja moja. Ongeza choo, kichefuchefu, usingizi na dozi zilizorukwa. Hapo inatosha. Fomu ndefu hujazwa wiki ya kwanza tu.

Hatua ya 4: Mfundishe anayeuguza. Hapa ndipo pa kutumia muda. Mara nyingi mshika simu ni mjukuu, na bibi anaongea Kiha zaidi ya Kiswahili. Mjukuu akiuliza "Bibi, unaendeleaje?" atajibiwa "afadhali", kwa sababu ndivyo mgonjwa anavyomjibu mtu aliyekuja kumjulia hali. Afadhali hiyo ni adabu, haijazi fomu. Mwelekeze atumie mkono: ngumi iliyofungwa ni 0, hakuna maumivu, vidole vitano wazi ni maumivu yasiyovumilika. Bibi anyanyue mkono wake mwenyewe, mjukuu ahesabu vidole na kuandika. Utashangaa mtu aliyesema "afadhali" akinyoosha vidole vinne.

Kisha weka kengele za morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na ya kulalia saa 4 usiku, ambayo daktari huweza kuiongeza ili mgonjwa alale bila kuamshwa. Zitegeni pamoja. Kwenye simu saa 4 asubuhi ni 10:00, na mtu akitega 4:00 kengele italia alfajiri ya saa 10. Morfini pia hufunga choo, hivyo hakikisha dawa ya kulainisha choo imeandikwa.

Hatua ya 5: Wekeni mipaka ya kupiga simu. Sisi tunatumia hii: maumivu yakifika 3, muuguzi anapiga siku hiyo hiyo. Siku 3 bila choo, vivyo hivyo. Lakini kuna mambo yasiyosubiri fomu: mgonjwa haamshiki na anapumua polepole mno (asipewe dozi inayofuata), damu inatoka nyingi, au mgongo unauma na miguu imeanza kuishiwa nguvu. Hapo ni kupiga simu papo hapo. Bandika orodha hii ukutani kwa karatasi. Usiiache ndani ya simu inayoweza kuzima chaji.

Nyumba yenye kiswaswadu tu nayo isiachwe. Muuguzi apige kwa siku zilizopangwa, aulize maswali yale yale na kujaza fomu mwenyewe. Vocha iwe juu ya kituo, si juu ya familia.

Hatua ya 6: Linda siri. Omba ridhaa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa za afya pia. Tumia namba badala ya jina, weka nywila, na usiandike ugonjwa kwenye ujumbe mfupi, kwani simu ya nyumbani hushikwa na kila mtu, hata jirani aliyekuja kuazima tochi.

Hatua ya 7: Funga kazi vizuri. Mgonjwa akifariki, simamisha siku hiyo hiyo ujumbe wote unaojituma. Familia iliyokaa matangani isiulizwe na simu kama marehemu amelala vizuri. Piga mwenyewe kutoa pole, muulize aliyekuwa anauguza anaendeleaje, na baada ya maziko mpange namna ya kurudisha morfini iliyobaki hospitalini.