Somo: Kwa nini fimbo ya urani hurefuka ndani ya kinu cha nyuklia

Kidato cha sita hapa Tabora tunapiga hesabu za nishati ya mpasuko wa kiini, lakini metali inayopasukiwa hatuigusi. Leo tuiguse. Tafuta viberiti vichache.

Hatua ya 1. Shika kiberiti kimoja. Kona zake ni nyuzi 90, ila pande zake tatu hazilingani. Fuwele ya urani iliyo chini ya nyuzi 668 za Selsiasi iko hivyo: upande a ni kama nanomita 0.285, b 0.587, c 0.496.

Hatua ya 2. Hapa tulia, maana wengi hupotea. Kiini kikipasuka, vipande vyake viwili huruka kwa kasi na kung'oa maelfu ya atomu. Nyingi hurudi mahali pake. Zinazobaki nje hujikusanya na kuongeza tabaka kuelekea b; nafasi zilizoachwa wazi hukusanyika upande wa a. Basi b hurefuka, a hufupika, c haibadiliki, na ujazo ni ule ule. Hakuna nguvu yoyote inayoivuta fimbo.

Hatua ya 3. Panga viberiti vyote vielekee upande mmoja. Fimbo iliyopitishwa kwenye roli za kuibana kwa joto la chini huwa hivyo: b nyingi hufuata urefu wake, nayo hurefuka nzima. Sasa vimwage ovyo mezani. Fimbo za vinu vya Magnox vya Uingereza, vilivyoanza na Calder Hall mwaka 1956, zilipashwa moto kupita nyuzi 668 kisha zikapozwa ghafla, punje (fuwele ndogo ndogo za metali) zikaelekea kila upande, hivyo kurefuka na kufupika kukafidiana. Napenda sana suluhisho hili: kupasha na kupoza, basi.

Maswali

*Mwanachama, Ujiji:* Shikamoo mwalimu. Kama ujazo haubadiliki, mbona nasoma kwamba urani huvimba kinuni?

Marahaba. Huko ni kuvimba, jambo jingine. Kila mipasuko minne huzaa takriban atomu moja ya zenoni au kriptoni. Gesi hizi hazishikamani na metali, hivyo hufanya vipovu. Katika kinu cha EBR-II, Idaho, Marekani, metali ilijaza kama asilimia 75 tu ya nafasi ndani ya mrija, pengo likawekwa sodiamu, ili ipate pa kuvimbia.

*Mwanachama, Nzega:* Kwa nini wasitumie fuwele yenye pande sawa?

Wanatumia. Oksidi ya urani, iliyo katika vinu vingi leo, ni mchemraba. Hata metali, ukiichanganya na molibdeni asilimia 10 hivi kwa uzito na kuipoza upesi, hubaki mchemraba.